Fundi Chekeche na Paa la Sikukuu

Naomba radhi mapema, kabla hamjaanza kunirushia viatu. Hadithi hii niliipata kwa mtu aliyeisimulia vizuri mpaka watu wazima wakatafuta leso. Mimi nitaiharibu. Nina ugonjwa wa kucheka kabla sijafika penye kuchekesha, na nikishafika hapo nakuwa nimesahau tulikuwa tunakwenda wapi. Basi isomeni kama mnavyokula wali wenye mchanga: polepole, na bila kumtaja mpishi mbele ya wageni.

Palikuwa na mji mmoja wa milimani. Usiutafute kwenye ramani, nimeshakutafutia. Katika mji ule waliishi Wayahudi wachache, watu wa kazi na sala, na mvua nyingi isiyokuwa na adabu. Ilinyesha asubuhi, ikapumzika kidogo kama mtu anayekunywa chai, halafu ikarudi na nguvu mpya.

Sasa, kwenye mji kama huo, mkubwa wa watu si tajiri wala askari. Mkubwa wa watu ni fundi wa kuezeka.

Na fundi wa mafundi alikuwa Mzee Zebuloni. Ah, Zebuloni! Mvua ikifika juu ya paa lake ilibisha hodi, ikakosa jibu, ikaenda kwa jirani.

Jirani ndiye aliyekuwa ameezekewa na Elkana.

Elkana alikuwa mkwe wa Zebuloni. Alimwoa Tirza, binti pekee wa mzee, na pamoja na binti akapewa ufundi. Alikuwa wa kwanza kufika kazini na wa mwisho kuondoka. Alikata nyasi vizuri, alifunga kamba vizuri, hakunywa pombe, hakugombana na mtu. Tatizo lake lilikuwa moja tu, dogo: mapaa yake yalivuja.

Hakuna aliyejua kwa nini. Ukilikagua fundo moja moja, hukuona kosa. Lakini ukisimama ndani ukatazama juu, uliona anga likikukonyeza. Ndiyo maana watu wakamwita Fundi Chekeche, kwa sababu chekeche nalo limesukwa vizuri, lakini maji hupita.

"Fundi Chekeche!" mama mmoja alimwita sokoni. "Jana nimeota nazama mtoni!"

"Pole, mama."

"Pole ya nini? Nimeamka nikakuta ni kweli!"

Soko zima likacheka. Elkana naye akacheka, kwa sababu mtu anayechekwa hana budi kuchangia. Lakini kicheko kile kilimshukia tumboni kama jiwe.

Siku moja akaezeka nyumba ya mjane mmoja kwa moyo wake wote. Ilipofika mvua ya jioni, mjane alitoka mbio na godoro kichwani. Zebuloni alikwenda mwenyewe, akaliezua paa lote, akalirudishia upya. Aliposhuka kwenye ngazi, mbele ya majirani, akamshika Elkana bega.

"Mkwe wangu," alisema, "wewe ni mtu mwema. Binti yangu hajawahi kunilalamikia. Lakini nakuomba: kuanzia leo, usimwambie mtu kwamba wewe ni fundi."

Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira ingekuwa nafuu.

Elkana alikwenda nyumbani akaanza kufunga furushi. Tirza, ambaye wakati huo alikuwa na ujauzito uliokwisha kuonekana, akasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Safari ya wapi, baba?"

"Bondeni. Kuchoma mkaa."

Waliokuwa wakiteremka bondeni kuchoma mkaa hawakuwa na sifa ya kurudi. Tirza alilijua hilo. Elkana naye alilijua.

"Mtoto akizaliwa wataulizana ni wa nani," Elkana akasema. "Nitamwachia jina gani? Chekeche? Acha niende. Nitarudi siku nitakapokuwa mtu."

"Na sasa hivi wewe ni nini? Mbuzi?"

"Tirza, usinitanie."

"Haya. Huko bondeni utalala wapi?"

"Nitajijengea kibanda."

Tirza akamtazama. Alikuwa amejiandaa kulia, lakini jibu lile lilimharibia.

"Basi beba na blanketi la pili," akasema.

Akampa blanketi. Akaingia ndani, na huko ndani akalia, maana mzaha ni kanga nzuri lakini haina mifuko ya kutosha kubebea kila kitu.

Siku aliyoondoka ilikuwa ni ile inayotangulia Sikukuu ya Vibanda. Niwaeleze kidogo wale msioifahamu. Katika sikukuu hiyo Wayahudi huwakumbuka mababu zao waliotangatanga jangwani bila nyumba. Kwa juma zima huacha nyumba zao nzuri, wakala nje, ndani ya kibanda wanachokiita sukka. Kibanda kina sheria zake. Kuta si shida kubwa. Paa ndilo jambo. Liwe la majani na matawi yaliyokatwa, kivuli chake kizidi jua, na liwe jepesi kiasi kwamba ukiketi mezani ukainua macho, unaziona nyota.

Mwaka ule kulikuwa na jambo jipya. Liwali wa nchi, mtu mkubwa kwa cheo na kwa kiuno, alipata habari za sikukuu hiyo akasema atapita kula nao usiku wa kwanza. Mji ukatetemeka. Zebuloni ndiye aliyepewa kazi ya kujenga sukka ya watu wote, na kichwa chake kilikuwa na wazo moja tu.

"Liwali alowe?" aliuliza kila aliyekutana naye. "Alowe? Chini ya paa langu?"

Tumwache hapo juu ya ngazi yake, turudi barabarani.

Elkana hajafika hata mbali, akakutana na Rabi Obadia anapanda mlima. Rabi Obadia alikuwa mfupi wa mwili, mrefu wa sauti. Alikuwa ametoka mji wa pili kufuata malimau makubwa yanayoshikwa kwenye sala za sikukuu, na kapu lilikuwa linamvuta upande mmoja mpaka alitembea kama kaa.

"Elkana! Furushi la nini, na leo ni mkesha wa sikukuu?"

"Nateremka bondeni, Rabi."

"Bondeni kuna nini?"

"Kuna watu wasionijua."

Rabi akatua kapu. Alikuwa mtu wa kuhubiri, na hapo amepewa msikilizaji asiye na pa kukimbilia.

"Nisikilize. Mungu angeweza kuumba kijiji kizima kwa siku moja. Mbona alianza na mtu mmoja peke yake, Adamu? Wazee wetu wanatufundisha: ili ujue kwamba mtu mmoja ni ulimwengu mzima. Kwa hiyo kila mtu anaruhusiwa kusimama na kusema, 'Ulimwengu umeumbwa kwa ajili yangu.' Hata wewe."

"Kwa ajili yangu?"

"Kwa ajili yako."

"Basi, Rabi, mbona mvua yake inawafuata wale niliowaezekea mimi tu?"

Rabi akatazama mawingu.

"Ni maneno mazuri, Rabi," Elkana akasema kwa upole. "Nayapenda tangu utotoni. Lakini hayajawahi kuziba tundu hata moja."

Rabi akalitazama kapu lake.

"Sawa," akasema. "Sina cha kukuzuia. Lakini jua likitua ni sikukuu, na siku ya sikukuu hatusafiri. Nibebee kapu hili, magoti yangu yamegoma. Kaa nasi, ule, sikukuu ikiisha uende zako."

Elkana akatazama magoti ya Rabi, akatazama jua. Akabeba kapu. Furushi akalining'iniza begani, ili kila mtu aelewe kwamba bado ni msafiri.

Walipofika uwanjani, sukka ilikuwa tayari, imezungukwa na watu waliovaa vizuri. Rabi akatangulia kuingia. Ikasikika *paa!* Alikuwa amegonga paji la uso kwenye kona ya meza.

"Nani amezima jua?" akapiga kelele.

Mle ndani mlikuwa na giza la mtungini. Zebuloni akaja akitabasamu, nyasi kwenye ndevu.

"Tabaka tatu, Rabi. Tatu! Nimemwagia ndoo kwa ndoo. Halikupita tone. Liwali anaweza kulala humu masika yote."

"Ndiyo," Rabi akasema huku akijipapasa uso. "Hilo ndilo linaloniumiza, ukiacha paji la uso. Mzee Zebuloni, hii si sukka. Hii ni nyumba. Na nyumba tunazo."

Rabi akawageukia watu.

"Hamkujua?"

"Tulijua, Rabi," akajibu mmoja, macho kwenye ndala zake.

"Mbona hamkumwambia?"

"Kumwambia Mzee Zebuloni? Mambo ya paa?"

Hapo ndipo walipokosea, na hilo ni kosa la watu wenye heshima tu, wahuni lisingewapata. Kila mmoja alijua sheria, na kila mmoja alimwachia mwenzake aende akamfundishe simba kunguruma.

Jua lilikuwa limebakiza kiganja kimoja kufika kilimani. Likitua, hakuna tena kukata tawi wala kufunga kamba. Na kutoka chini ya mlima zikasikika tarumbeta za msafara wa Liwali.

"Liezueni lote!" Rabi akaamuru. "Liwekwe upya!"

Wakaliezua. Zebuloni akapanda kulirudishia jepesi, akafanya kazi mbio kama kijana.

"Mzee, acha nafasi!" Rabi akaita.

"Nimeacha."

"Wapi?"

"Hapo."

Hapo palikuwa pamezibwa kitambo. Mikono ya Zebuloni ilikuwa kama mikono ya mama anayemfunika mtoto usingizini, haikumngoja mwenyewe aamue. Kila alipoacha mwanya kwa mkono wa kulia, wa kushoto ulikuja ukaufunika. Mzee akaitazama mikono yake kama anatazama watoto wa mtu mwingine. Akashuka.

Wengine wakajaribu. Wa kwanza akatandaza matawi machache, jua likazidi kivuli, haifai. Wa pili akarundika bila kufunga, rundo lote likaporomoka juu ya mikate. Wa tatu akaporomoka yeye mwenyewe.

"Jamani," Rabi akasema, na sauti yake kwa mara ya kwanza ikawa fupi kama yeye, "katika mji huu hakuna mtu anayeweza kuezeka paa likasimama imara, lakini likavuja?"

Akakisikia alichosema. Watu nao wakakisikia. Vichwa vikaanza kugeuka, kimoja kimoja, mpaka vyote vikawa vinatazama mlangoni, aliposimama mtu mwenye kapu la malimau na furushi begani.

Elkana akatua kapu chini.

"Hata leo?" akasema. "Hata siku ya sikukuu mnanitania?"

Akageuka aende zake. Rabi akamkimbilia, akamshika furushi kwa mikono miwili.

"Elkana, kule barabarani nilikuambia kwamba wewe ni ulimwengu mzima. Nilisema kwa kukuhurumia, Mungu anisamehe. Sasa nasema kwa shida yangu mwenyewe. Bila wewe hatuna sikukuu. Si mimi, si baba mkwe wako, si mji huu. Panda."

Kuna tofauti kubwa kati ya mtu anayekuhurumia na mtu anayekuhitaji, na mwili unaitambua kabla ya akili. Elkana akasikia miguu yake ikienda kwenye ngazi.

Na alipofika juu, unajua alifanya nini? Mji mzima unamtazama, Tirza yumo, baba mkwe yumo. Alikusudia siku hiyo, kwa mara ya kwanza maishani mwake, aezeke paa lisilovuja!

Ndiyo! Wameomba matundu, yeye anawaletea ufundi. Alibana nyasi. Alikaza kamba kwa meno. Jasho likamtoka.

Chini, Zebuloni alikuwa ameshikwa na wanaume wawili, mmoja kila mkono.

"Pale!" alipiga kelele. "Pale ameruka! Kuna tundu!"

"Liache, mzee!"

"Na pale! Linapita kuku! Rabi, naumwa, naumwa kweli!"

"Vumilia, ni sikukuu!"

Jua lilipogusa kilima, Elkana alifunga fundo la mwisho akashuka, kichwa chini. Rabi akaingia ndani, safari hii bila kugonga kitu. Akatazama juu kwa muda mrefu. Kivuli kilikuwa kingi kuliko nuru, na katikati ya kivuli anga lilikuwa limetapakaa vipande vipande kama madoa ya chui.

"Samahani, Rabi," Elkana akanong'ona. "Nimejitahidi sana. Lakini kuna matundu yamebaki."

Vigelegele vilivyopigwa hapo vilimfanya Liwali, aliyekuwa bado anapanda mlima, adhani vimepigwa kwa ajili yake. Akapunga mkono.

Usiku ukaingia. Mishumaa ikawashwa, divai ikabarikiwa, supu ikapakuliwa. Liwali aliketi kwenye kiti cha heshima, nyuma yake mtumishi wa mwavuli. Elkana hakuingia. Aliketi nje karibu na mlango juu ya furushi lake, kwa sababu mtu akishazoea kujiona hafai, vigelegele vya siku moja hupita kama sindano kwenye gunia.

Liwali akaegemea nyuma ashushe pumzi. Macho yake yakapanda juu. Hayakushuka.

"Ile pale," akasema taratibu, "ni nyota?"

"Ni nyota, Mheshimiwa," Rabi akajibu.

"Nyumbani kwangu nina dari la mbao za nakshi. Tangu nihamie sijui kama mwezi bado upo." Akanyooshea paa kidole. "Lakini mbona hamkuliziba? Nyinyi ni watu wa mji wa mvua."

"Mwaka mzima tunamwomba Mungu atusitiri," Rabi akasema. "Juma hili moja tunatoka nje ili atuone."

Na mvua, ambayo nimeshawaambia haikuwa na adabu, ikachagua dakika hiyo hiyo. Si mvua kubwa, manyunyu tu. Tone la kwanza likaangukia kwenye supu ya Liwali. La pili likaangukia kwenye pua ya Liwali.

Watu wote wakaacha kutafuna. Zebuloni akafumba macho. Mtumishi akaruka na mwavuli, Liwali akamzuia kwa mkono.

"Tangu niapishwe," akasema, akijifuta pua, "hakuna mtu aliyethubutu kunimwagia maji."

Kisha akacheka. Akacheka mpaka kiti kikaomba msaada. Watu nao wakaachia pumzi, wakacheka.

"Sasa niambieni, fundi ni nani?" Macho yake yakamtafuta mtu mezani. "Ni wewe, Mzee Zebuloni? Sifa zako zimefika mpaka kwangu. Hongera. Paa hili sitalisahau."

Hapo, ndugu yangu, ndipo pumzi zilipokatika upya. Kazi ya Zebuloni ilikuwa nyepesi kuliko zote alizowahi kufanya: kuinamisha kichwa tu. Heshima ya maisha yake yote ilikuwa mezani, imepakuliwa, inafuka moshi. Na yule mwingine alikuwa nje gizani, hata hangejua kukanusha.

Mzee akasimama.

"Hapana, Mheshimiwa," akasema. "Mimi nililijaribu nikashindwa. Watu hawa wote ni mashahidi. Mikono yangu haiwezi kazi hii." Akaiinua watu waione. "Paa hili ni la mkwe wangu, Fundi Elkana."

Alisema Fundi. Kwa sauti, mbele ya serikali.

"Yuko wapi?"

"Yuko nje, analowa. Elkana! Ingia, mwanangu, usiniaibishe!"

Elkana akaingia, maji yakimchuruzika. Liwali akampa mkono.

"Utakuja kwangu," akamwambia, "unitobolee lile dari."

"Mheshimiwa, chumba kimoja tu!" Zebuloni akadakia, mikono imeunganishwa kama anayeomba dua. "Kimoja! Mtu huyu ukimwachia nyumba nzima, utaogelea!"

Meza yote ikavunjika kwa kicheko, na Elkana alicheka kuliko wote, kicheko kingine kabisa, kisichokuwa na jiwe ndani yake. Tirza alitoka nje akalileta furushi, akalifungua palepale mbele ya wageni, akatoa blanketi la pili, akamfunika nalo mume wake mabegani.

Sasa msije mkadhani kwamba tangu siku ile Elkana aligeuka fundi hodari. Thubutu! Mapaa yake yaliendelea kuvuja mpaka alipopata wajukuu. Lakini Zebuloni alianza kumtazama kwa jicho jingine. Akamjaribisha kujenga mabanda ya kuhifadhia mahindi, ambayo yanataka upepo upite. Mahindi yakakauka kama hayajawahi kukauka. Ndipo mji mzima ulipojiuliza kwa nini miaka yote mahindi yao yalikuwa yanaota ukungu kwenye mabanda ya Zebuloni, yale mazuri, yasiyopitisha hata mnong'ono. Kila ulipokaribia wakati wa sikukuu, watu wa miji ya jirani walipanda mlima kumwomba Elkana akawaezekee. Na alipozaliwa mtoto, babu yake ndiye aliyekuwa akizunguka naye sokoni akiwaambia wasiouliza, "Huyu baba yake ni fundi."

Ukimfahamu mtu ambaye leo ameamka akijihesabu kuwa hana kazi duniani, mpelekee hadithi hii kabla hajamaliza kufunga furushi.

Funzo: Aliyekuumba hakukosea mkono, usijidharau wala usimdharau mwenzako, kwa maana hakuna mtu asiye na saa yake, na hakuna kilema ambacho mahali fulani hakingojewi kama dirisha.

Mimi nilipoisikia hadithi hii nilifurahi, nikaenda moja kwa moja jikoni nikamwambia mke wangu, "Mama, umesikia? Kila tundu lina kazi yake!" Akatazama juu, penye tundu la paa letu, akanipa kopo la lami na ngazi, akasema, "Kweli kabisa, mume wangu. Na kazi ya hilo ni wewe."